Kilicholehemiwa na Kilichofungwa kwa Skrubu

Chukua laptopu mbili za gemu zilizopangwa kwenye kabati la kioo dukani, bei zake zimekaribiana. Ya kwanza ina kibandiko kinachotangaza RAM ya GB 16 na hifadhi ya TB 1, na ndani yake mna chipu ya grafiki ya GeForce RTX 3050 yenye kumbukumbu yake ya GB 4. Ya pili ina RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 512 tu, lakini chipu yake ni RTX 4050 yenye GB 6. Wanunuzi wengi wataondoka na ya kwanza. Namba zake mbili ni kubwa na zinaeleweka, ilhali jina la chipu ni herufi na tarakimu zisizomwambia kitu mtu asiyezizoea. Nadhani wanakosea, na sababu ya kosa hilo iko chini ya mfuniko wa mashine, kwenye tofauti kati ya vitu vilivyolehemiwa kwenye madabodi na vitu vilivyofungwa kwa skrubu. Fedha ya siku ya kununua iende kwenye vile vilivyolehemiwa, maana hivyo utazeeka navyo. Vilivyofungwa kwa skrubu vinaweza kusubiri mshahara wa mwezi wa tatu au wa sita.

Prosesa na chipu ya grafiki za laptopu hizi zimeshikizwa kwenye ubao kwa mamia ya vitone vya lehemu vilivyojificha chini ya chipu yenyewe, mahali ambapo ncha ya pasi ya fundi haifiki. Kuzing'oa kunataka mashine maalumu ya hewa ya moto, na hata ukifanikiwa, programu ya msingi ya ubao haikutengenezwa kupokea chipu ya aina nyingine. Haikuwa lazima mambo yawe hivi. Mwaka 2004 Nvidia ilileta mfumo wa MXM, ambamo kadi ya grafiki ya laptopu ingekuwa kipande cha kuchomoa na kuchomeka. Ulitumika zaidi kwenye mashine nene za gharama kubwa, na ukadhoofika kwa sababu kila kampuni ilikuwa na mabomba yake ya kupoza na mpangilio wake wa matundu ya skrubu, kiasi kwamba kadi ya mashine moja mara nyingi haikukaa kwenye nyingine. Kampuni ya Framework ya San Francisco imelifufua wazo hilo kwa Laptop 16, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2024, na mwaka 2025 ikatangaza moduli ya RTX 5070 inayoingia kwenye mashine ileile. Inastahili pongezi za dhati. Ila bei yake iko mbali sana na mfuko wa mtu tunayemzungumzia hapa, na kwake chipu aliyonunua ndiyo atakayokufa nayo.

Tena jina la chipu halimalizi habari. Nvidia inaruhusu RTX 4050 ya laptopu iendeshwe kwa umeme wa wati 35 hadi 115, na RTX 3050 kwa wati 35 hadi 80. Anayeamua kiwango ni mtengenezaji wa laptopu, kulingana na shaba, mapezi na feni alizokubali kuzigharamia. Zamani mashine iliyobanwa umeme ilibeba neno Max-Q kwenye jina la chipu yake, na mnunuzi akajua. Kuanzia kizazi cha RTX 30, mwaka 2021, neno hilo liliondoka kwenye jina, na sasa mashine mbili zenye jina moja zinaweza kupishana sana kwa nguvu. Kabla ya kuuliza RAM ni ngapi, uliza wati ni ngapi. Muuzaji asipojua, karatasi ya vipimo kwenye tovuti ya mtengenezaji huwa inasema.

Sasa igeuze mashine kifudifudi na utazame upande wa pili wa hesabu. Acer Nitro 5 ya inchi 15 ya miaka ya 2020 na 2021, ambayo imepita mikononi mwa vijana wengi, ina sloti mbili za RAM, nafasi mbili za SSD nyembamba ya M.2, na juu ya hayo kibanda cha diski ya inchi 2.5. ASUS TUF A15 ya mwaka 2020 ilikuwa na uamuzi wa kuvutia zaidi: iliyokuja na betri ndogo ya Wh 48 iliachiwa nafasi ya diski ya inchi 2.5, na iliyokuja na betri kubwa ya Wh 90 haikuwa nayo, kwa kuwa betri ilitandaa hadi pale. Mashine hizi ni nene na nzito, plastiki yake hubonyea ukiigusa, na rangi za skrini zake mara nyingi zimefifia. Lakini unene huohuo ndio uliozipa sloti. Laptopu nyembamba maridadi ya bei mara mbili huweza kuwa imelehemiwa kila kitu isipokuwa SSD.

Kwenye RAM ndipo pana faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Laptopu nyingi za daraja hili hutoka kiwandani na kipande kimoja cha GB 8, na sloti ya pili iko tupu. Prosesa, hata hivyo, imejengwa na njia mbili za kuwasiliana na kumbukumbu. Kipande cha DDR4 cha kasi ya 3200 husafirisha baiti 8 kwa mkupuo, mikupuo milioni 3,200 kwa sekunde, yaani GB 25.6 kila sekunde. Weka kipande cha pili na njia ya pili inafunguka: GB 51.2. Hakuna mpangilio wa programu unaoweza kukupa ongezeko hilo, kwa kuwa njia ya pili ilikuwa haijaunganishwa na kitu. Mchezaji anaweza asiione faida hiyo sana kwenye wastani wa fremu kwa sekunde. Ataiona kwenye zile sekunde mbaya, gari linapoingia mtaa mpya au maadui kumi wanapotokea kwa pamoja, picha inapogandaganda na kidole kimeshabonyeza. Ongeza hapo kwamba Windows 11 na kivinjari kilichoachwa wazi hula sehemu kubwa ya GB 8 kabla gemu halijawashwa. Elden Ring inataka angalau GB 12 za RAM, Starfield inataka 16. Mashine yenye GB 8 italiendesha gemu la aina hiyo kwa kuhamishia vitu kwenye diski kila mara, na hapo ndipo mtu hulaumu chipu ya grafiki isiyo na hatia.

Kununua kipande hicho cha pili kunataka uangalifu mdogo tu. DDR4 ya laptopu ina pini 260 na DDR5 ina 262, mkato wa katikati umekaa mahali tofauti, na volti zake si sawa, kwa hiyo moja haiingii kwenye sloti ya nyingine na wala usiilazimishe. Vipande vya kasi tofauti hufanya kazi pamoja kwa kasi ya kile cha polepole. Vya ukubwa tofauti, GB 8 na GB 16, navyo kwa kawaida hukubaliana: GB 16 za mwanzo zinapita njia mbili, nane zilizobaki zinapita moja.

Hifadhi ina maelezo mafupi. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 5,400 husoma kiasi cha MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA MB 550 hivi, na SSD ya NVMe ya kizazi cha tatu huweza kufika MB 3,500. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni usiku na mchana, na kutoka ya pili kwenda ya tatu tofauti ipo lakini mchezaji ataihisi kidogo. Cyberpunk 2077 iliacha rasmi kuzihudumia diski za kuzunguka mwaka 2023, na Starfield tangu siku ya kwanza ilitaka SSD. Nafasi ya pili ya M.2 ina thamani ya pekee, kwa sababu unaongeza bila kuondoa: Windows inabaki ilipo na magemu yanahamia kwenye kipande kipya.

Kuna uboreshaji mwingine usiouzwa kwa GB, na kwa ukanda wetu naona ndio uliosahaulika zaidi: joto. Majaribio ya laptopu tunayosoma hufanyika zaidi kwenye vyumba vya Ulaya na Marekani vyenye nyuzi 22 hivi. Alasiri ya Februari Dar es Salaam au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 31, na karibu zote hizo za ziada huishia kwenye chipu, kwa kuwa feni haiwezi kupoza chini ya hewa inayoivuta. Nairobi ina nafuu ya baridi, ingawa hewa ya mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ya pwani. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na laptopu iliyosifiwa kwingine inageuka ya kawaida hapa. Halafu kuna vumbi. Ukilegeza skrubu za feni na kuinyanyua, kati yake na mapezi ya shaba utakuta utando wa kijivu uliosokotana kama pamba ya mto, umeziba njia ya hewa mwisho hadi mwisho. Brashi laini na dakika kumi zinatosha kuuondoa, na huweza kurudisha nguvu ambayo mwenye mashine alikuwa anafikiria kuinunua upya. Pesti iliyo kati ya chipu na bomba la shaba nayo hukauka baada ya miaka michache. Kuibadilisha ni kazi ya mtu aliyetulia, na kabla ya kuianza hakikisha mashine yako haikuwekwa metali ya majimaji, ambayo hupitisha umeme na ikidondokea mahali pasipo pake huua ubao.

Kufungua kwenyewe kunatisha kuliko kunavyostahili. Zima mashine kabisa, usiilaze tu, na chomoa chaja. Bisibisi ya nyota namba 0 au 1 hutosha kwa mifuniko mingi ya chini. Skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kinachokaa juu yake, kwa hiyo chora umbo la mfuniko kwenye boksi la karatasi na uzichomeke kila moja mahali pake. Mfuniko hushikiliwa pia na ndoano za plastiki pembeni. Kadi ya benki iliyokwisha muda ikipitishwa kwenye mwanya, kuanzia kona iliyolegea yenyewe, itaziachia moja baada ya nyingine kwa mlio mkavu unaofanana na kuvunjika lakini si kuvunjika. Kitu cha kwanza kugusa ndani ni plagi ya betri: ichomoe, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili umeme uliobaki uishe. RAM inaingia kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi, ncha za dhahabu zikizama zote, halafu unaishusha hadi vishikio viwili vya pembeni vilie. Ukipiga hewa kusafisha, shika feni isizunguke, maana feni inayosukumwa kwa nguvu hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye ubao. Na kama unabadilisha SSD yenye Windows, tafuta kwanza ufunguo wa BitLocker kwenye akaunti yako ya Microsoft. Matoleo mapya ya Windows 11 hufunga diski kwa siri bila kukuuliza sana, na mtu anaweza kujifungia nje ya picha zake mwenyewe.

Pingamizi la kwanza huwa ni waranti. Nchini Marekani sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu mteja alitumia kipuri au fundi mwingine, na mwaka 2018 Tume ya Biashara ya huko iliziandikia onyo kampuni sita, ASUS na Sony zikiwamo, juu ya masharti na vibandiko vya aina hiyo. Mwaka 2024 ikaziandikia nyingine, Gigabyte na ASRock kati yake. Barua hizo hazimfungi muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, wala wa Luthuli, Nairobi, na sitaki mtu aende dukani na sheria ya Marekani mkononi. Lakini mashine nyingi zinazofika kwetu zimepitia Dubai au zimeshatumika Ulaya, na waranti pekee iliyobaki ni neno la muuzaji la miezi michache. Basi muulize kabla ya kulipa, na kama hajiamini, akufungie RAM yeye mwenyewe mbele yako. Itumie mashine wiki mbili tatu kabla ya kuifungua, ili kasoro ya kiwandani ijitokeze ikiwa bado haijaguswa. HP, Dell na Lenovo huchapisha bure vitabu vya matengenezo vinavyoonyesha kila skrubu, na kampuni inayokupa ramani ya kuingia ndani haiwezi kudai kwamba ndani ni mahali pa siri.

Pingamizi lililo zito zaidi ni lile la wapenzi wa kompyuta ya mezani: kwa fedha ileile unapata nguvu zaidi, na kadi ya grafiki unaibadilisha utakapo. Wana haki kabisa. Mtu mwenye meza isiyohama na umeme wa kuaminika anunue ya mezani na asome makala haya kwa kujifurahisha. Wengine wengi wanaishi kwenye chumba cha kupanga au bweni la chuo, wanahama kila mwaka, na mashine hiyohiyo ndiyo ya kuchorea ramani za nyumba na kuhariri video za harusi zinazolipa kodi. Umeme ukikatika, ya mezani inazimika na kazi isiyohifadhiwa. Ya mpakato inabaki hai. Haitacheza gemu kwa nguvu ileile, kwa kuwa betri haiwezi kutoa wati za chaja, lakini muda wa kuhifadhi na kufunga unapatikana, na kwa anayelipwa kwa kazi muda huo ni riziki.

Wapo pia wanaosema RAM ya kulehemu ina sababu za kiufundi. Ni kweli: LPDDR5X hukimbia kasi kuliko DDR5 ya kuchomeka na hula umeme kidogo, kwa kuwa iko karibu na prosesa. Kwenye laptopu isiyo na chipu ya grafiki ya pekee, tofauti hiyo ni kubwa. Laptopu ya gemu, hata hivyo, ina kumbukumbu yake ya grafiki, kama GDDR6, kando ya chipu, na kuninyima sloti kwa ajili ya kasi ambayo gemu halitaiona ni biashara ninayoikataa. Isitoshe, Desemba 2023 shirika la viwango la JEDEC lilipitisha CAMM2, bapa la kumbukumbu linalofungwa kwa skrubu, na mwaka 2024 Lenovo ikauza ThinkPad P1 yenye LPDDR5X ya namna hiyo. Kisingizio kinazidi kupungua, ingawa teknolojia hiyo haijashuka kwenye bei za chini.

Hesabu yangu ya kusubiri mshahara ilipata mtihani mwishoni mwa mwaka 2025, RAM ilipopanda bei kwa kasi kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuifunga Crucial, jina ambalo wanunuzi wa kawaida wamelitegemea kwa miaka mingi. Katika hali hiyo mashine iliyokuja na GB 16 huweza kuwa nafuu kuliko kuongeza baadaye, na anayenunua apige hesabu ya siku ile, si ya mwaka juzi. Msingi haubadiliki: RAM ya ghali bado inanunulika, chipu iliyolehemiwa hainunuliki kwa bei yoyote. Na kipande kilichochomolewa kwenye laptopu iliyokufa mezani kwa fundi ni kizima mara nyingi, kwa sababu RAM haichakai kama SSD. Kipime usiku kucha kwa programu ya MemTest86. SSD iliyotumika isome kwanza kwa CrystalDiskInfo kuona imeandikwa kiasi gani, na ile ya bei ya kustaajabisha ijaze hadi mwisho kwa H2testw, kwa kuwa zipo zinazodai TB 2 na ndani zina sehemu ndogo tu ya hiyo.

Mahali ambapo bisibisi haisaidii ni kwenye zile GB 4 za chipu ya grafiki. Gemu likihitaji zaidi, linaazima RAM ya kawaida, na watu hudhani GB 32 zitatibu. Tazama njia yenyewe: GDDR6 ya chipu hizi hupitisha zaidi ya GB 150 kwa sekunde, na barabara ya PCIe inayoiunganisha na RAM hupitisha 16 hivi. Unachoweza kufanya ni kushusha ubora wa sura za vitu kwenye mipangilio hadi wa kati, na kuacha kuitupia mashine hiyo fedha nyingine. Ikifika hapo, angalia kinachoweza kuhama nayo ikiuzwa na kinachoweza kubaki kwako. DDR4 iache ndani, kwa sababu mashine inayofuata huenda ikataka DDR5. SSD ya NVMe ichomoe, umwachie mnunuzi ile ndogo iliyokuja na mashine, maana uliyoichomoa itaingia kwenye laptopu ijayo bila kuuliza ilitoka wapi.